Wakubwa na wasomi wa Uingereza walivyoingizwa mjini: bendera ya Zanzibar kwenye manowari, binti mfalme wa Javasu na mwanamke "aliyezaa" sungura

Mleta uzi

Salaam wakuu.

Historia ya Uingereza tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani ilikuwa ya wafalme wenye namba, mikataba na makampuni ya biashara. Kuna nyingine ambayo Waingereza wenyewe husimuliana wakiwa na bia mkononi, ya watu walioingizwa mjini mchana kweupe. Hiyo ndiyo naileta leo, kwa awamu, maana naandika kwa simu na umeme huku kwetu ni wa kubahatisha.

Katika visa hivi kuna jambo linajirudia. Anayeingia mkenge ni mkubwa: meya, admirali, daktari wa mfalme, hakimu na mkewe. Anayeng'amua ni bawabu, mwenye nyumba ya wapangaji, bibi mmoja pembeni ya ukumbi. Mwenye hoja tofauti anibishie, uwanja upo.

Naanza na kisa ambacho sisi waongeaji wa Kiswahili tumetiwa ndani bila kuombwa ruhusa.

Machi 1905. Sultani wa Zanzibar wakati huo ni Ali bin Hamud, kijana aliyesomeshwa Harrow, shule ya watoto wa vigogo huko huko Uingereza. Anatembelea Uingereza, na magazeti yanaandika habari zake. Pale Cambridge kuna mwanafunzi anaitwa Horace de Vere Cole, mtoto wa kitajiri ambaye kazi yake kubwa maishani ilikuwa kuwatania watu. Yeye na rafiki yake Adrian Stephen na wenzao wakaona waende kumtembelea meya wa mji wa Cambridge kama msafara wa Sultani.

Tatizo likawa moja: picha ya Sultani ilishatoka magazetini, uso unajulikana. Basi Cole akajifanya mjomba wa Sultani. Wakavaa majoho na vilemba, wakajipaka rangi usoni, telegramu ikapigwa kwa meya kwamba mgeni mtukufu anakuja na apokelewe. Meya akawapokea Guildhall, ukumbi wa mji, kwa heshima zote. Wakapitishwa kwenye bazaa ya hisani iliyokuwa inaendelea, kisha wakatembezwa kuonyeshwa vyuo kana kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kuviona.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye ule umati akatokea bibi mmoja aliyewahi kuwa mmisionari Zanzibar. Akafurahi sana, akaomba azungumze na mtukufu kwa lugha ya kwao. Hebu jiwekeni kwenye viatu vya hao vijana: hawajui hata "hujambo". Mkalimani wao akamjibu kwamba jambo hilo linawezekana kwa sharti moja tu, bibi akubali kuwa mmoja wa wake wa mtukufu. Bibi akarudi nyuma.

Ukumbi mzima una wazito wa mji na wa chuo kikuu, na mtu pekee ambaye angeweza kuwaumbua kwa sentensi moja ya Kiswahili alinyamazishwa kwa tusi lililovalishwa nguo ya mila. Jioni wakaenda stesheni, wakachoropoka, wakavua yale majoho, na Cole akapeleka habari kwa gazeti la Daily Mail. Meya alitaka wafukuzwe chuo. Makamu mkuu wa chuo akamshauri aliache, kwa sababu atakayeonekana kituko ni yeye meya.

Narudi na kikubwa zaidi.

Mzee wa Ferry

Nimekaa hapa, naomba usiende kulala kabla hujamaliza. Hilo jibu la "uolewe kwanza" linaonyesha walijua vizuri Waingereza wenzao wanaamini nini kuhusu sisi.

Kibao cha Nazi

Hii chai. Meya wa mji hawezi kudanganywa kwa rangi ya uso na kilemba.

Mleta uzi

@Kibao cha Nazi, kama ya meya umeiita chai, ya jeshi la wanamaji utaiitaje?

Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Februari 1910. HMS Dreadnought ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1906, na ilipotoka manowari zote za dunia zikaonekana kuukuu kwa siku moja: mizinga kumi mikubwa ya inchi 12, injini za tabini zinazozungushwa na mvuke, mwendo ambao meli ya ukubwa ule haikuwa nao. Mataifa yakaanza kushindana kujenga za aina hiyo. Kwa kifupi, hicho ndicho kilikuwa chombo ambacho Uingereza ilijivunia kuliko vyote, na ndicho Cole alichokilenga.

Safari hii walikuwa sita. Wanne wakawa watukufu kutoka Uhabeshi: mchoraji Duncan Grant, Anthony Buxton, Guy Ridley, na dada yake Adrian, msichana wa miaka 28 aitwaye Virginia Stephen. Huyo Virginia ndiye ambaye baadaye, baada ya kuolewa, dunia ilimjua kama Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya. Wakati ule hakuwa ametoa hata kitabu kimoja. Wakambandika ndevu za bandia, wakampaka rangi nyeusi, wakamvika kilemba na joho. Adrian akawa mkalimani, na Cole mwenyewe akavaa kofia ndefu na koti akawa afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Aliyewapamba alikuwa Willy Clarkson, fundi maarufu wa mavazi ya michezo ya kuigiza London. Aliwaonya jambo moja: wasile wala wasinywe, midomo itabanduka rangi.

Telegramu ikaenda kwa Admirali Sir William May, mkuu wa kikosi kilichokuwa kimetia nanga karibu na Weymouth, ikiwa na jina la mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje. Ujumbe wake ni kwamba wageni wa kifalme wa Uhabeshi wanakuja leo, wapokelewe. Wakati telegramu inasafiri, wao walishapanda treni stesheni ya Paddington, London.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi. Ndani ya treni wana kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichopatikana kwenye jumuiya ya wamisionari. Mkalimani anajaribu kujifunza Kiswahili njiani ili aongee na Wahabeshi! Hakuna kati yao aliyejiuliza kama Addis Ababa watu wanaongea Kiswahili. Kwao Afrika ilikuwa ni kule tu, na kitabu chochote cha kule kingetosha.

Weymouth wakakuta zulia jekundu, afisa aliyevalia sare rasmi akiwapigia saluti, na boti ya kuwapeleka melini. Kwenye sitaha gwaride limejipanga. Bendi inapiga. Ila kwa haraka ile, jeshi la wanamaji halikuwa limepata bendera ya Uhabeshi. Wakapandisha ya Zanzibar. Wimbo wa taifa wa Uhabeshi nao haukupatikana, wakapiga wa Zanzibar.

Kwa hiyo siku ile, kwenye manowari mashuhuri kuliko zote duniani, bendera nyekundu ya Zanzibar ilipeperushwa kwa heshima ya Waingereza wanne waliojipaka rangi, miaka 14 tu baada ya manowari za Uingereza kuipiga mizinga Zanzibar yenyewe.

Mzee wa Ferry

Uwiii. Yaani bendera ilipata heshima melini siku ambayo hakukuwa na Mzanzibari hata mmoja.

Dada wa Ng'ambo

Na walipoulizwa waongee, waliongea nini? Hicho kitabu cha sarufi kiliwasaidia?

Mleta uzi

@Dada wa Ng'ambo, swali zuri. Adrian alikuja kuandika mwenyewe mwaka 1936 ilivyokuwa. Admirali alimwomba awatafsirie wageni maelezo kuhusu sare za askari kwenye gwaride. Akafungua mdomo, kilichotoka ni "Entaqui, mahai, kustufani". Anasema hata yeye hajui kama hicho kilikuwa Kiswahili au la. Tunaweza kumthibitishia leo.

Kiswahili cha kwenye treni kikaishia hapo. Akakumbuka mashairi ya Kilatini aliyokaririshwa shuleni, ya Virgil, akaanza kuyatoa huku akiyakatakata na kuyatamka ovyo ili mtu asiyatambue. Yalipomwishia akahamia kwenye Kigiriki cha Homer. Maafisa wa jeshi la wanamaji, wengi wao waliochapwa viboko wakiwa shule kwa sababu ya mashairi hayo hayo, hawakushtuka.

Kuna la kushangaza zaidi. Ndani ya meli alikuwemo William Fisher, binamu wa kuzaliwa wa Adrian na Virginia, afisa wa ngazi ya juu wa admirali. Akasimama na ndugu zake ana kwa ana na asiwajue. Adrian alikuwa mrefu kupita kiasi, ndevu za kubandika hazifichi urefu.

Kisha mvua ikaanza kunyunyiza na upepo ukavuma. Adrian anatazama, masharubu ya Duncan Grant yameanza kubanduka upande mmoja. Haraka haraka akamwambia mwenyeji kwamba watukufu wametoka nchi ya joto, baridi hii itawadhuru, tuwapeleke chini. Grant akapata upenyo wa kuyabandika upya. Chakula walipokaribishwa wakakataa kwa sababu za dini. Walipotaka kupigiwa mizinga ya heshima wakaikataa pia, inasemekana kwa kuwahurumia mabaharia ambao wangebaki kuisafisha.

Jeshi lisingejua mpaka leo kama Cole angefunga mdomo. Hakufunga. Picha yao ikatoka Daily Mirror, watoto wa mitaani wakaanza kuwazomea maafisa wa Dreadnought, swali likaulizwa bungeni. Walipotafuta kosa la kuwashtaki nalo, kubwa lililopatikana ni kutuma telegramu kwa jina la mtu mwingine.

Kibao cha Nazi

Hapo nimekukamata. Umesema mtu wa chini ndiye hugundua. Kwenye meli kulikuwa na mamia ya mabaharia, mpishi, mpiga tarumbeta. Nani aligundua?

Mleta uzi

Hakuna, mkuu. Nilisema linajirudia, sikusema ni kanuni. Na melini baharia wa kawaida asingesogezwa karibu na mgeni wa kifalme, achilia mbali kuulizwa maoni. Pale Cambridge angalau bibi alikuwa ukumbini.

Askari Mstaafu

Jeshi haliwezi kuliacha hivyo. Waliwafanya nini?

Mleta uzi

Afande, umejua. Sheria iliposhindwa, maafisa vijana wakaamua kulipiza kwa bakora. Wakamfuata Cole nyumbani. Alikuwa mgonjwa, ikawa mazungumzo marefu, mwisho wakakubaliana apigwe bakora za ishara tu kwenye kichochoro, na yeye azirudishe idadi ile ile. Zikatolewa, zikarudishwa, wakapeana mikono.

Duncan Grant walimkuta anakula kifungua kinywa. Wakamtia kwenye gari akiwa na ndara za ndani, wakampeleka uwandani nje ya mji. Hakupigana, hakulia, hakuomba. Wenyewe wakachanganyikiwa, maana ni vigumu kumchapa mtu aliyesimama tu anakutazama. Akaguswa na bakora mara mbili. Wakamwambia hawezi kurudi na ndara, wampe lifti. Akakataa, akapanda zake treni ya chini ya ardhi.

Virginia hakuguswa kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1940, vita vimepamba moto, alikisimulia kisa hiki kwa akina mama wa kijijini kwake, Rodmell.

Nyongeza kwa wapenda siasa: dada yake Cole, Anne, aliolewa na Neville Chamberlain, yule waziri mkuu aliyekwenda Munich kuonana na Hitler. Chamberlain hakuwahi kumpenda huyo shemeji, na sidhani yupo wa kumlaumu.

Mimi nacheka nikisoma kisa hiki, ila kicheko chenyewe kina mfupa. Mchezo ulifaulu kwa kuwa maafisa wale waliona rangi na kilemba, basi, hawakuona haja ya kutazama zaidi. Vijana waliowacheka maafisa nao hawakuwa bora, maana walikwenda na kitabu cha Kiswahili kwa watu wa Uhabeshi.

Kijana wa Liuli

Mleta uzi, kabla hujaendelea, ngoja nichangie cha kwetu Ziwa Nyasa, maana wengi hamkijui. Agosti 1914 ziwani kulikuwa na manahodha wawili marafiki. Mwingereza Rhoades alikuwa na meli yenye mzinga iitwayo Gwendolen. Mjerumani Berndt alikuwa na Hermann von Wissmann, ambayo wakati huo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapa Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Wakikutana bandarini walikuwa wanakunywa pamoja. Habari za vita zikamfikia Rhoades, Berndt bado hana taarifa. Tarehe 13 Agosti Rhoades akaja akaanza kuipiga ile meli mizinga. Berndt akaruka kwenye kiboti, akapiga kasia mpaka kwa rafiki yake huku anafoka, akamuuliza kama amelewa. Akaambiwa vita vimeanza, na yeye sasa ni mateka. London magazeti yakaandika ushindi wa majini.

Mzee wa Ferry

Kijana, hicho kisa kingefaa uzi wake. "Umelewa wewe?" halafu unafungwa.

Dada wa Ng'ambo

Na vile vita vya dakika 38 vya Uingereza na Zanzibar, mwaka 1896, je? Vifupi kuliko vyote duniani. Mbona umevitaja kwa mbali tu?

Mleta uzi

Kwa sababu dakika 38 kila mtu anazijua, zipo mpaka kwenye maswali ya chemsha bongo. Kisichosimuliwa ni kilichofuata. Khalid bin Barghash, sultani ambaye Waingereza hawakumtaka, aliponyoka kutoka kasri iliyokuwa inabomoka akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje wakimsubiri akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Wajerumani wakasubiri bahari ijae. Tarehe 2 Oktoba boti ikasogea mpaka kwenye bustani ya ubalozi, Khalid akapita moja kwa moja kutoka ardhi ya ubalozi hadi botini bila kugusa Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumkamata mwaka 1916 wakiwa vitani na Wajerumani, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena. Mwishowe waliruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Na wale wafu na majeruhi wapatao 500 wa upande wa Zanzibar huwa hawaingii kwenye chemsha bongo. Upande wa Uingereza aliumia baharia mmoja, akapona.

Turudi kwa matapeli. Sasa tunakwenda Aprili 1817, kijiji cha Almondsbury karibu na Bristol.

Mwanamke kijana anatokea kijijini, kilemba cheusi kichwani, anaongea lugha ambayo hakuna anayeielewa. Wakampeleka kwa hakimu Samuel Worrall. Mke wa hakimu akamwonea huruma, hakimu akamshuku. Mgeni anakataa kitanda, anataka kulala sakafuni. Akionyeshwa picha ya nanasi anaonyesha dalili ya kulitambua. Anajiita Caraboo.

Siku si nyingi akatokea baharia Mreno akasema, aaah, mimi naijua lugha hii. Akasikiliza, akatafsiri: huyu ni binti mfalme wa kisiwa kinachoitwa Javasu, kwenye Bahari ya Hindi, alitekwa na maharamia, akajitosa baharini akaogelea mpaka ufukweni Uingereza. Huyo Mreno ndiye mtu wangu katika kisa hiki. Lugha ile ilikuwa ya kubuni, haikuwepo. Yeye aliitafsiri yote, mwanzo mpaka mwisho.

Wiki kumi binti mfalme akala vya hakimu. Alirusha mishale, alipigana kwa upanga, alipanda juu ya miti kumwomba mungu aliyemwita Allah-Talla, na aliogelea ziwani bila nguo pale alipokuwa peke yake. Watu wa heshima wakaja kumtazama, mchoraji akamchora. Daktari mmoja wa Bath, msomi hasa, akamchunguza akakuta makovu nyuma ya kichwa, akathibitisha kwamba ni kazi ya waganga wa mashariki. Kumbe ni makovu ya kuumikwa aliyoachiwa na hospitali ya maskini ya London.

Sifa zake zikaandikwa gazetini. Gazeti likamfikia mwanamke mmoja wa Bristol aliyekuwa anapangisha vyumba, Bi Neale. Akasoma wasifu, akasema: huyu si Mary wangu? Aliwahi kumpangisha chumba, na Mary alikuwa anawachekesha mabinti wa nyumba ile kwa lugha yake ya kubuni. Binti mfalme wa Javasu alikuwa Mary Willcocks, mtoto wa fundi viatu wa Witheridge, Devon, aliyefanya kazi za ndani huku na kule bila kudumu.

Mama Kanga

Wakamfunga?

Mleta uzi

Hapana, na hapo ndipo nampa heshima mke wa hakimu. Alilia, alikasirika, kisha akamlipia nauli ya kwenda Philadelphia. Magazeti yaliwacheka Worrall na daktari kuliko yalivyomlaumu Mary. Baadaye alirudi Uingereza, akaolewa, akazaa, na akamalizia maisha yake Bristol akiiuzia hospitali ya mji ruba, wale wadudu wa kunyonya damu, mpaka kufa kwake mwaka 1864. Mkikutana na habari kwamba alipitia St Helena na Napoleon akataka kumwoa, hiyo ndiyo chai halisi, ya majani.

Kibao cha Nazi

Haya, leta mwanamke wa sungura tumalize. Kichwa cha uzi kimenitesa tangu mwanzo.

Mleta uzi

Kimenitesa na mimi, nimekuwa nakiahirisha, kwa sababu ukikisoma vizuri si cha kuchekesha sana.

Mwaka 1726, Godalming, mkoa wa Surrey. Mary Toft, mke wa mfanyakazi wa nguo, maskini, hajui kusoma. Mwezi Agosti mimba yake iliharibika. Muda mfupi baadaye, likaanza kusambaa kwamba anazaa vipande vya wanyama. Akaitwa tabibu wa uzazi, John Howard wa Guildford. Howard akashuhudia, akaamini, akaanza kuandika barua kwa wakubwa: nimemzalisha sungura, nimemzalisha mwingine, njooni mwone.

Maelezo ya mama mwenyewe ni kwamba akiwa na mimba alimkimbiza sungura shambani asimpate, akabaki anamtamani. Zama zile madaktari waliamini kwa dhati kwamba anachokiona au kukitamani mjamzito kinaweza kuchapa alama kwa mtoto. Kwa hiyo nadharia ilikuwa tayari inasubiri mfano, na Mary akawa mfano.

Mfalme George wa Kwanza akatuma watu. Wa kwanza alikuwa Nathaniel St André, daktari wa upasuaji wa nyumba ya kifalme. Alifika, akaona, akapasua pafu la sungura akalitia majini, likaelea. Pafu likielea maana yake limeshavuta hewa, yaani mnyama aliishi nje ya tumbo. Ushahidi upo mkononi mwake. Bado akaamini. Wa pili, Cyriacus Ahlers, alikuwa na akili ya kutazama kinyesi: kwenye utumbo wa "mtoto" kulikuwa na nyasi na nafaka. Sungura wa tumboni amekula nafaka wapi?

Wakamleta London, wakamweka kwenye nyumba moja Leicester Fields chini ya uangalizi. Sungura wakakoma kuzaliwa. Na aliyemaliza kesi hakuwa daktari yeyote. Alikuwa bawabu wa nyumba ile aliyenaswa akiingiza sungura, akasema ametumwa na wifi yake Mary. Daktari Manningham, mmoja wa waliokuwa wakimchunguza, akamtisha Mary kwamba watampasua wauone mwili wake ukoje ndani. Tarehe 7 Desemba akakiri. Siku nne kabla ya hapo St André alikuwa ametoa kitabu kizima kuthibitisha muujiza.

Mama Kanga

Mimi ni mkunga. Mleta uzi, hivyo vipande viliingizwaje? Mtu aliyetoka kupoteza mimba, unamwingizia mifupa na kucha? Angekufa kwa tetanasi au maambukizi. Hapo sicheki kabisa.

Mleta uzi

Mama, ndicho nilichomaanisha. Katika maungamo yake alitaja watu waliomshawishi, akiwemo mama mkwe, kwamba hataishi tena kwa shida. Watu walikuwa wakilipa kuona vioja, umaskini ulikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyebeba maumivu, na yeye ndiye aliyefungwa gereza la Bridewell, ambako watu walipanga foleni kumtazama. Aliachiwa bila kushtakiwa, akarudi kwao, akafa mwaka 1763. Mchoraji Hogarth akawachora madaktari wakiwa wamemzunguka kitandani, na waliodhihakiwa zaidi ni wao.

Askari Mstaafu

Mimi nina kimoja cha kuunga mkono hoja yako ya mtu wa chini, ingawa si cha utapeli. Mafuriko ya bia London, 1814. Nilikisoma zamani nikasahau vipengele.

Mleta uzi

Afande umenisaidia, kile nilikuwa nacho akiba.

Tarehe 17 Oktoba 1814, kiwanda cha bia cha Meux, Tottenham Court Road. Pipa la mbao lenye kimo cha karibu mita 7, limekazwa kwa pete nzito za chuma, ndani yake bia nyeusi iliyokaa miezi kumi. Jioni karani wa stoo, George Crick, akaona pete moja imechomoka. Akatoa taarifa. Akaambiwa haina shida, mbona huchomoka mara kwa mara, andika barua kwa mmoja wa wenye kiwanda aje arekebishe. Akaandika. Kama saa moja baadaye alikuwa amesimama na barua mkononi pipa likapasuka, likabomoa mengine, ukuta wa nyuma ukaanguka.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na mtaa wa St Giles, makazi ya maskini, wengi wao Waayalandi, watu wamejaa mpaka vyumba vya chini ya ardhi. Kwenye chumba kimoja cha chini kulikuwa na msiba wa mtoto wa miaka miwili aliyefariki siku iliyotangulia. Watano wa matanga wale walikufa, mama wa marehemu akiwemo. Jumla walikuwa wanane, wote wanawake na watoto.

Mtasoma mahali kwamba watu walikimbilia na sufuria kuchota bia na wengine wakafa kwa ulevi. Magazeti ya wakati ule hayana habari hiyo, ilibandikwa baadaye sana, na tunajua kwa nini inanoga: waliokufa walikuwa maskini tena Waayalandi. Uchunguzi wa vifo uliamua ni ajali, hakuna wa kulaumiwa. Kiwanda kikaenda bungeni kikaomba kirudishiwe ushuru kilioulipia ile bia iliyomwagika, kikarudishiwa zaidi ya pauni 7,000. Familia za waliokufa kiwanda hakikuzilipa kitu.

Kibao cha Nazi

Na Crick?

Mleta uzi

Aliitwa kwenye uchunguzi akatoa ushahidi, na ndiyo maana tunaijua habari ya barua. Kiwanda kiliendelea pale pale mpaka mwaka 1921. Leo sehemu ya eneo lile ni jumba la maonyesho, Dominion Theatre.

Mzee wa Ferry

Mimi bado nipo kwenye bendera. Walipogundua, waliishusha wao au waliiacha mpaka jua lizame?

Mleta uzi

Mzee, wageni walipoondoka ndipo shughuli ilipoisha, kama ziara yoyote. Aibu ilikuja siku kadhaa baadaye na gazeti.